Mzito wa Kusoma Si Mzito wa Akili

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, hapana mtaa wala kijiji katika Visiwa hivi kisichokuwa na mazungumzo yake. Waliofaulu hupongezwa, na wazee wao hupewa mkono wa heri msikitini na sokoni. Nayo ni mambo mema. Waliofeli hutafutiwa sababu. Husemwa kuwa vitabu ni vichache, walimu hawatoshi, madarasa yamejaa. Sababu hizo ni za kweli, na hapana budi ziendelee kusemwa. Lakini liko kundi moja la watoto ambalo halimo katika hesabu hizo. Watoto hao huketi dawati moja na wenzao, hufundishwa na mwalimu yuleyule, kwa kitabu kilekile, na hata hivyo maandishi hayawafungukii. Kwao wao sababu haitafutwi. Hutolewa papo hapo: mvivu huyu, mjinga huyu, kichwa chake kizito.

Sisi tunaoandika haya tumo katika kundi hilo, na mwanetu yumo pia. Twalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba tumeyaokota maneno haya vitabuni peke yake, ingawa vitabuni nako yamo.

Hali hiyo huitwa na wataalamu disleksia. Si ugonjwa wa macho wala si upungufu wa akili. Ni ugumu wa kuzaliwa nao, unaomfanya mtu ashindwe kuzishika kwa wepesi sauti zilizomo ndani ya neno na kuzifunga na herufi zake. Mwenye hali hiyo huona herufi kama aonavyo kila mtu. Wako wanaodhani kwamba huziona zimegeuka, sivyo. Kuchanganya b na d ni kosa la kila mtoto anayeanza, ila wengine huliacha baada ya miezi na huyu hukaa nalo miaka. Kinachomchelewesha ni kazi inayofanyika baada ya jicho, ndani ya ubongo, ambayo kwa wengine hutendeka bila ya kuhisiwa na kwake yeye huwa kila mara ni kazi mpya. Wataalamu wengi hukadiria kuwa hali hii huwapata watoto baina ya 5 na 10 katika kila 100. Basi katika darasa la watoto 60, hao ni watatu hadi sita.

Jambo hili si la jana. Jina lenyewe lilitungwa katika miaka ya 1880 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, Ujerumani, kwa ajili ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la nchi yake habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa mchangamfu na mwerevu, hapungui kitu kwa wenzake katika michezo, na alizidisha 749 kwa 867 akapata jibu sahihi. Lakini alipoandika jina lake mwenyewe alizipindua herufi, likawa Precy. Mwalimu wake alisema kwamba lau masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angekuwa wa mbele kabisa skulini. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 120, na bado mwalimu wa Micheweni au wa Makunduchi anaweza kuyatamka leo juu ya mmoja wa wanafunzi wake, asijue kuwa yamekwisha kusemwa.

Sisi tulianzia chuoni, kama waanzavyo watoto wa hapa kwetu. Mwalimu alikaa barazani, nasi juu ya mkeka, kila mtoto na somo lake. Tukishika kijiti, tukikipitisha juu ya herufi, tukiitaja kwa sauti, kisha tukitaja irabu yake, kisha tukiunganisha. Aliyeshika upesi alisonga mbele. Aliyechelewa alibaki pale alipo mpaka akajua, na hapana aliyeona ajabu mtoto wa miaka tisa kuwa nyuma ya mdogo wake. Tulipokuja kusoma, ukubwani, jinsi Wamarekani wawili, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, walivyotengeneza kuanzia miaka ya 1920 na 1930 njia ya kuwafundisha watoto wenye disleksia, tulistaajabu. Waliagiza kwamba herufi itazamwe, itajwe kwa sauti na ifuatishwe kwa kidole, yote kwa pamoja. Kwamba mtoto asipelekwe hatua ya pili kabla ya kuimudu ya kwanza. Na kwamba somo lirudiwe bila ya kuchoka. Mwalimu wetu wa chuoni hakupata kusikia jina la Orton, lakini sehemu kubwa ya dawa hiyo ilikuwa mkononi mwake.

Kwa upande wa pili, chuo kilikuwa pia ndipo mahali petu pa kujifichia. Juzuu ya Amma tuliihifadhi yote kwa sikio. Kijiti kilikwenda juu ya mistari na mdomo ulikwenda na kumbukumbu, na kwa muda mrefu tulisifiwa kuwa hodari. Siku moja mwalimu alikishika kijiti akakiweka katikati ya ukurasa, akasema: Soma hapa. Hatukujua tupo wapi. Herufi za be, te na the, zinazotofautishwa kwa nukta tu, zilikuwa mbele yetu kama punje za mchele uliomwagika. Bakora tulizozila siku ile hatukuzisahau, na tulizila kwa kosa la udanganyifu, sisi ambao hatukujua kwamba wenzetu walikuwa wakifanya kitu kingine kuliko hicho tulichokuwa tukikifanya sisi.

Kisha ikaja skuli ya Serikali, na huko mambo yalikwenda kinyume. Darasa zima lilisonga kwa pamoja. Maandishi yaliwekwa ubaoni na yalifutwa kwa saa ya mwalimu, si kwa saa ya mwanafunzi, na madaftari yetu yalijaa sentensi zisizo na mwisho. Wazee wengine walisema kwamba kinachotuchanganya ni kusoma asubuhi kutoka kushoto na jioni kutoka kulia. Dhana hiyo bado twaisikia na haina msingi: Percy wa Uingereza alijua mwandiko mmoja tu, na mamilioni ya watoto wa Marekani na Ulaya ni hivyo hivyo. Wala wenzetu wa dawati moja, waliopita chuo kilekile na skuli ileile, hawakuchanganyikiwa. Tulipofika mtihani wa kidato cha pili tuliyajibu maswali yale tuliyowahi kuyasoma. Yaliyobaki hayakuguswa, kwa kuwa muda ulikwisha nasi tungali tunayasoma. Tuliponea chupuchupu. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa mzito kama sisi na aliyetupita kwa hesabu, hakupona. Mwaka uliofuata alikuwa dagoni na wavuvi. Kama naye alikuwa na disleksia hatuwezi kusema, kwani hapana aliyempima, na ndilo neno tunalolitia mkazo: hapana aliyempima.

Baadaye Chama kilitupa kazi, na kazi ya siasa ni kazi ya mdomo na sikio, nasi tukaimudu. Mihutasari ya vikao hadi leo huisoma usiku wa kuamkia kikao, mara tatu, kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Twajua kwamba hatuko peke yetu. Wako watu wazima, tena wenye vyeo, ambao wakipewa karatasi mbele za watu hukumbuka kwamba miwani wameisahau nyumbani. Msomaji na awaangalie kwa wema.

Sasa tuseme juu ya lugha, maana hapo ndipo ulipo mtego wenyewe. Kiswahili sanifu kilisimamishwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikipa tahajia ambayo, kwa bahati njema, inafuata matamshi. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake popote iwapo. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, atalisoma neno lolote lenye silabi hizo, hata asilopata kulisikia. Kwa mtoto mwenye disleksia hii ni neema kubwa. Lakini neema hiyo humficha. Huwa hakosei sana, huwa anachelewa. Mwalimu mwenye watoto 60 husikia kwamba mtoto amesoma, hasikii kwamba amesoma mstari mmoja wakati wenzake wamesoma mitano, na kwamba alipoufikia mwisho wa mstari alikuwa amekwisha kuusahau mwanzo wake. Huandikwa kuwa anajua kusoma, akapandishwa darasa.

Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Eraldo Paulesu walichapisha katika jarida la Science uchunguzi juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao hufuata matamshi karibu kama yetu, walisoma vizuri kuliko wale wengine. Lakini ubongo ulipopigwa picha, wote walionekana kuwa na upungufu wa kazi katika sehemu ileile ya upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba hali ni moja, ila lugha nyingine huianika na nyingine huifunika. Kiswahili hufunika, na Kiingereza huanika. Katika Kiingereza herufi nne zilezile, o, u, g, h, husomwa kwa namna zisizopungua tano, na hapana kanuni ya kumwambia mtoto ni ipi leo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Na sekondari ndiyo lugha ya masomo. Hatutaki hapa kuufungua tena mjadala wa lugha ya kufundishia, ambao una wenyewe. Twasema tu kwamba mtoto aliyekuwa akijikokota kwa Kiswahili bila ya kuonekana, huanguka hapo mbele ya macho ya watu wote, na watu husema ameharibika, ameingia katika makundi mabaya, akili imeruka. Hakuharibika. Alikuwa hivyo tangu darasa la kwanza.

Mwanetu alikuwa anaelekea huko. Herufi alizijua zote. Alisoma kama mtu apitaye juu ya matumbawe bila ya viatu, kila neno kwa hadhari, na akimaliza ukurasa amechoka kuliko aliyelima. Mama yake ndiye aliyeng'amua. Alimsomea hadithi akamwuliza maswali, akajibiwa yote, na mengine kwa ziada. Kisha akampa hadithi ya namna hiyo hiyo aisome mwenyewe, akamwuliza, asijibiwe hata moja. Tulipoambiwa hayo hatukuhitaji maelezo marefu. Utafiti umethibitisha kwamba hali hii hurithiwa: mtoto ambaye mzazi wake anayo yumo katika uwezekano mkubwa zaidi kuliko mtoto mwingine. Lipo jambo lililotuuma. Mtoto aliuliza kama watu wa nyumba yetu ni wajinga. Hapo ndipo tulipomweleza kwamba baba yake naye husoma hivyo hivyo, na uso wake ukakunjuka kwa namna ambayo hatukuiona siku nyingi.

Sasa kila baada ya magharibi husoma naye kwa robo saa: yeye mstari, sisi mstari, kidole juu ya karatasi, kwa sauti. Mama yake humrekodia masomo ya skuli kwa simu, akayasikiliza kabla ya kuyasoma. Hatutamdanganya msomaji kwa kusema kwamba mtoto amegeuka hodari. Angali mzito, na pengine atakuwa mzito maisha yake yote, kama sisi. Ila hafichi tena daftari lake chini ya godoro. Na hapa tuseme kwamba hatuipendi ile hadithi inayozungushwa siku hizi, ya kuwa kila mwenye disleksia ana kipaji kikubwa kilichofichika. Wengine wanacho, wengine hawanacho, kama walivyo watu. Haki ya mtoto ya kufundishwa isingojee mpaka aonyeshe kipaji.

Kuna wazazi ambao mtoto akiwa hivi humpeleka kusomewa, akanyweshwa kombe. Mzazi hakatazwi kumwombea mwanawe dua, na dua njema haimdhuru mtu. Lakini mtoto huyu hana jini, na kama baada ya dua hatafundishwa kwa njia inayomfaa, mwaka ujao atakuwa pale pale. Vivyo hivyo miwani: ni wajibu kumpima mtoto macho na masikio kwanza, maana asiyeona ubao au asiyesikia vizuri naye hushindwa kusoma, na huyo tiba yake ni nyepesi. Akionekana macho yake mazima na masikio yake mazima, miwani haitamfundisha kusoma.

Kumtambua hakuhitaji mitambo. Mwalimu wa darasa la pili au la tatu anaweza kumwita mtoto pembeni kwa dakika kumi. Amwambie aondoe "sa" katika neno samaki aseme kinachobaki. Ampe maneno yasiyo na maana, kama pakidu au lomeshi, ambayo hapana mtoto awezaye kuwa ameyahifadhi, aone kama atayasoma. Asikilize amesoma maneno mangapi katika dakika moja. Kisha afanye kama alivyofanya yule mama: amsomee, amwulize, na amwache asome mwenyewe, amwulize. Mtoto aelewaye sana akisomewa na asiyeelewa akisoma mwenyewe ndiye tunayemtafuta. Huo si uamuzi wa mwisho wa kitaalamu, lakini watosha kumwondolea mtoto jina la mvivu na kumpeleka kwa mwenye ujuzi zaidi.

Tarehe 23 Septemba 1964 Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo katika Visiwa hivi. Kabla ya siku hiyo mtoto wa mkulima alikaa nje kwa kukosa ada, na babu yake mwanetu alikuwa mmoja wao; hakupata kujua kusoma, nasi hatutajua kamwe kama ilikuwa ni ada peke yake. Tangazo lile halikuwa na masharti. Halikusema elimu kwa wanaosoma upesi. Jamhuri ya Muungano iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unazitaka nchi zimfanyie mwanafunzi marekebisho yanayolingana na haja yake. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inayo elimu mjumuisho, na kazi iliyofanywa kwa watoto wasioona na viziwi ni ya kushukuriwa. Ila ulemavu wa watoto hao unaonekana kwa macho. Mtoto wetu hana fimbo nyeupe wala hazungumzi kwa ishara, ndiyo maana huhesabiwa miongoni mwa wakaidi.

Twayasema haya kwa waheshimiwa wanaohusika. Mtahiniwa asiyeona na mwenye uoni hafifu huongezewa muda katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, na hapana aliyelalamika kuwa ni upendeleo. Twataka ielezwe waziwazi, kwa mabaraza yote mawili, la Tanzania na la Zanzibar, kwamba mtahiniwa mwenye disleksia naye huongezewa muda, na pale inapobidi husomewa swali. Tumekwisha kuambiwa kwamba watu watajidai. Aliyejidai hatapata faida kubwa, maana muda wa ziada haumpi jibu asiyelijua. Na tena asipewe kwa maneno ya siku ya mtihani, bali kwa kumbukumbu iliyowekwa na skuli tangu darasa la tatu.

Kuhusu walimu, tunajua mzigo walio nao, na hatutaki kumwongezea kila mmoja wao kazi nyingine. Yatosha kuanza na mwalimu mmoja kwa kila skuli ya msingi, afundishwe wakati wa likizo kuitambua hali hii na kuifundisha, na asihamishwe mara tu baada ya kuijua kazi, jambo ambalo limekwisha kuharibu mipango mingi mizuri. Mwalimu huyo akae na watoto wake watano au sita nusu saa kwa siku, kwa kijiti na ubao mdogo. Walimu wa vyuo vya Kurani nao waitwe katika mafunzo hayo, kwani mtoto huonekana kwao kabla ya kufika skuli, na wao wanazo mbinu ambazo walimu wa skuli wanaweza kujifunza. Masheha na viongozi wa matawi ya Chama wanaweza kulisema jambo hili katika mikutano ya wazazi, kwa lugha ya kawaida, bila ya kungojea semina.

Waraka wa namna hiyo ni wa kurasa mbili. Ukitoka kabla ya muhula ujao, watoto walioko darasa la tatu hivi sasa watapimwa kabla ya kufika darasa la tano, na wale walioko kidato cha kwanza wataingia katika mtihani wa kidato cha pili wakiwa na saa ya kutosha ya kuyasoma maswali yote.